Kabla Hujaipa Hoteli Nyota Tano, Uliza Geti Lilifunguliwa Aje



Siku hizi Nairobi kila mtu ni jaji wa hoteli. Unalala usiku mmoja kwa kahoteli kadogo ka kifahari huko Westlands ama Karen, vyumba kumi na kitu, unapiga picha ya mito ilivyopangwa kitandani, halafu unaandika: nyota tano, huduma safi. Sina shida na hilo, hata mimi ni sehemu ya kazi yangu. Shida yangu ni kwamba tunapima huduma kwa rula tuliyorithi, na hatujawahi kuuliza nani aliichonga.

Anza na neno lenyewe. Mkenya wa kawaida akisema "twende hoteli" haongelei mahali pa kulala. Anaongelea chapati madondo na chai ya maziwa. Pa kulala ni lojing'i. Hoteli ya kulala, yenye risepsheni na shuka nyeupe, ilikuja Nairobi pamoja na reli, na haikujengwa ikitungoja sisi kama wageni.

Reli ilifika hapa 1899. Mwaka wa 1902 mama mmoja mzungu, Mayence Bent, alianzisha Stanley kwenye Victoria Street, ile tunayoiita Tom Mboya Street leo. Ilichomeka 1905 na akahamia kwingine. Norfolk nayo ilifunguliwa siku ya Krismasi, 1904. Mji wenyewe ulikuwa mabati na matope, kwa hivyo hoteli kama hizi ndizo zilikuwa anasa ya mjini.

Na nani alikuwa anabeba sinia? Mwafrika, amevalishwa kanzu nyeupe na kofia ya tarbushi. Mtu mzima, ana watoto nyumbani, lakini kazini anaitwa "boi", na neno hilo likaganda hadi kwenye Kiswahili chetu. Walowezi nao walikuwa na Kiswahili chao, Kisetla, lugha ya amri tupu: lete, ondoa, pesi pesi. Tafadhali haikuwemo. Kwa rula hiyo, mhudumu mzuri ni yule hasikiki, haonekani na hakatai kitu.

Sasa fikiria hili. Kabla ya nyota za intaneti, Kenya ilishakuwa na mfumo wa kuwapima wafanyakazi. Uliitwa kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake, ndani ya kasha la chuma lililoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kutia sahihi, unahesabiwa umetoroka, na unaweza kushtakiwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja tu. Mfanyakazi hakuwa na mahali pa kuandika mwajiri wake ni mtu wa aina gani.

Harry Thuku alipinga kipande hicho, pamoja na kodi na kazi za lazima. Akakamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi, hatua chache kutoka Norfolk, ukidai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliotaka kurudi nyumbani. Polisi wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Masimulizi ya siku hiyo yanasema walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walipiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine wakahesabu zaidi. Leo barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo inaitwa Harry Thuku Road.

Sisemi haya ili usilale huko. Nasema ujue kwamba kwa miaka mingi mlango wa mbele wa hoteli kubwa za Nairobi ulikuwa mpaka. Mwafrika alipita wa nyuma, akiwa amebeba kitu. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba United Kenya Club ilipoanzishwa 1946, ilikuwa ajabu kuona Mwafrika, Mhindi na mzungu wakila meza moja.

Uhuru ukaja 1963. Mwaka wa 1975 Utalii College ikaanza kule Thika Road kwa msaada wa Uswisi, na kazi ya hoteli ikawa taaluma ya kusomewa. Hapo tupige makofi, kwa sababu "boi" sasa alikuwa na cheti. Lakini rula haikubadilika haraka hivyo. Kwenye kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, Barack Obama anasimulia ziara yake ya kwanza Kenya, miaka ya 1980. Yeye na dada yake Auma walikaa kwenye mkahawa wa New Stanley, mhudumu akawa anawapita kwenda kwa watalii wazungu, hadi Auma akapandwa na hasira. Mhudumu alikuwa Mwafrika na nchi ilikuwa huru zaidi ya miaka 20. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amefundishwa na historia mgeni anafanana aje.

Na imeisha? Juzi nililala kwa hoteli moja ndogo ya kifahari hapa mjini, jina nitaliacha. Nilifika na boda. Soja wa geti akanishikilia dakika kadhaa: unaenda wapi, unamwona nani, uko na namba ya bukingi? Nikiwa bado nafungua simu, gari la watalii likafika, geti likafunguka, saluti ikapigwa, hakuna swali. Ndani nilipokelewa vizuri, kitambaa baridi, juisi, jina langu likajulikana na kila mtu. Lakini kila nilipouliza kitu kwa Kiswahili, nilijibiwa kwa Kiingereza. Kitanda kilikuwa safi kabisa, maji yalikuwa moto, na dada aliyekuja jioni kufunga mapazia aligundua nina mafua, akaniletea dawa ya tangawizi, asali na limau bila kuombwa. Hiyo ni huduma ya kweli, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyeniona.

Soja simlaumu. Yeye analinda unga wake. Aliyemwambia nani asimamishwe na nani apite ndiye anafaa kujibu.

Kwa hivyo mimi sasa napima hivi. Moja, mgeni wa miguu, wa boda na wa gari kubwa wanapokelewa sawa getini? Mbili, nikiongea Kiswahili najibiwa Kiswahili? Tatu, ile ada ya huduma kwenye bili inamfikia nani? Uliza risepsheni, tena kwa upole, utaona sura zikibadilika. Nne, mfanyakazi anaweza kukosea kitu kidogo bila kutetemeka? Ukiona weita anatetemeka kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, jua kuna mtu nyuma anashika kipande chake.

Na sisi wenye simu tujiangalie. Ukiandika jina la mhudumu mtandaoni kwa sababu kahawa ilichelewa, umeshika kalamu ile ile ya mlowezi, na yeye bado hana pa kukujibu. Lalamikia hoteli, lalamikia meneja, usimtaje mtu wa sinia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atetemeke.

Sasa wewe niambie: mara ya mwisho ulipolala hoteli, ulifika na nini, na soja alikuambia aje?