Mgahawa wa tambi za wonton

Mgahawa wa tambi za wonton ni duka dogo la chakula cha Kikantoni cha bei nafuu, lililozoeleka Guangzhou na Hong Kong, kusini mwa China. Huuza hasa bakuli la tambi nyembamba zenye mchuzi mwepesi, pamoja na wonton: vifurushi vya unga wa ngano vilivyojazwa kamba na nyama ya nguruwe. Tambi hukandwa kwa mayai ya bata na maji yenye magadi. Mafundi wa jadi huligandamiza donge la unga kwa mti wa mwanzi hadi likaze. Tambi huchemshwa kwa muda mfupi sana, husuuzwa kwa maji baridi, kisha hupashwa tena. Mchuzi hukolezwa kwa gayogayo mkavu na mifupa ya nguruwe. Ufundi hasa uko katika kupakua: wonton hukaa chini, tambi juu, zisije zikalowa na kulegea. Ndiyo maana bakuli ni dogo na huliwa upesi. Wateja huketi meza moja na wasiowajua, wakiongeza siki nyekundu au mafuta ya pilipili. Asiyekula nguruwe afahamu kuwa nguruwe yumo hata katika mchuzi.