Rubani Hodari na Mwalimu wa Urubani

Kule Masama vijana wengi wamejifunza kuendesha lori kwa kuketi kando ya mjomba, wala hakuna aliyemdai mjomba cheti cha ualimu. Tena mambo yakiharibika, mjomba husimamisha gari pembeni, akagomba, safari ikaendelea. Chini ya milima hiyo, tambarare, ndiko ulikofunguliwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971. Basi wapo wanaouliza: rubani aliyeruka miaka ishirini azuiwe vipi kumfundisha mwenzake, ati kwa sababu ya karatasi?

Swali hilo Waingereza walilijibu kwa maisha ya watu. Katika Vita Kuu ya Kwanza waliwatoa marubani mstari wa mbele, wengine wamechoka, wengine wamejeruhiwa, wakawakabidhi wanafunzi. Kuruka walijua sana. Kufundisha, lahasha! Wengi waliwaogopa wanafunzi wao, hawakuthubutu kuwaachia usukani, na vijana wakafa mafunzoni kabla ya kumwona adui. Mwaka 1917 Robert Smith-Barry akaanzisha huko Gosport shule ya kuwafundisha walimu wenyewe. Mwalimu na mwanafunzi kila mmoja akawa na usukani wake, na mpira wa kuongelea ukatoka mdomoni mwa mmoja hadi masikioni mwa mwenzake. Mwanafunzi hakuepushwa na hatari tu. Alionyeshwa namna ya kujinasua.

Watetezi wa uzoefu watamtaja Tom Campbell Black, rubani mkuu wa Wilson Airways ya Nairobi, aliyemfundisha Beryl Markham. Bibi huyo alipata leseni ya kurusha ndege kwa malipo mwaka 1933, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi Kanada. Naam, ni sifa kubwa. Lakini walikuwa marafiki. Mwalimu wa hiari humfundisha amtakaye, na katika Kenya ya wakati ule mtoto wa Kiafrika hakuwamo katika urafiki huo.

Hapa ndipo wanaobeza vyeti wanaponishangaza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, mwaka huo huo wa 1971, kijana wa Moshi au Kisumu alipata mahali pa kuomba nafasi bila kuwa na rubani wa kumjua. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki.

Sisemi mzee wa anga atupwe. Mkaguzi na aketi kiti cha mwanafunzi, wapande juu, amsikilize mzee akieleza na kusahihisha. Akifaulu, apewe cheti hicho bila kurudishwa darasani miaka miwili. Na kama ada ya mtihani ni kubwa mno, basi tugombee ada.