Mita 25: Somo la Milan ya Arrigo Sacchi

Katika semina ya wiki iliyopita, mwanafunzi mmoja alifunga mjadala wetu wa uongozi kwa mfano wa mpira wa miguu. Alisema taifa ni kama timu: likipata kocha mkali na nyota mmoja, mengine yote yatajipanga yenyewe. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nilikumbuka timu moja iliyoukanusha mfano huo uwanjani kwa miaka minne, kisha sifa zake zikatumiwa kuueneza mfano huohuo katika siasa. Ni AC Milan ya 1987 hadi 1991, iliyofundishwa na Arrigo Sacchi na kumilikiwa na Silvio Berlusconi.

Tuanze na hali waliyoikuta. Mpira wa Italia ulikuwa umesimama juu ya ulinzi. Inter ya Helenio Herrera ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1964 na 1965 kwa mfumo wa katenacho: kila beki alikabidhiwa mshambuliaji wake wa kumfuata, na nyuma yao alibaki beki mmoja huru wa kusafisha makosa. Timu ilirudi golini kwake, ikasubiri, kisha ikashambulia ghafla kwa watu wachache. Kazi ziligawanywa kitabaka. Walikuwapo wa kukaba na walikuwapo wa kufunga, na mfungaji hakutarajiwa kuchafua jezi yake kwa kumkimbiza beki.

Kwingineko Ulaya mawazo mengine yalikuwa yakikua. Mjini Kyiv, Viktor Maslov aliifundisha Dynamo kumbana mwenye mpira kwa pamoja badala ya kila mtu kumfuata mtu wake, na akatwaa ubingwa wa Muungano wa Sovieti mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Uholanzi, Rinus Michels aliijenga Ajax iliyokabia juu na kubadilishana nafasi, ikawa bingwa wa Ulaya mwaka 1971. Sacchi aliwatazama Waholanzi hao kwa husuda ya mwanafunzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kucheza mpira wa kulipwa. Alikuwa muuza viatu kutoka mji mdogo wa Fusignano. Alipokuwa kocha wa Parma katika daraja la pili, timu yake iliifunga Milan katika Kombe la Italia msimu wa 1986/87. Berlusconi, aliyekuwa ameinunua Milan mwaka 1986, akamwajiri.

Alichokileta Sacchi kinaweza kuelezwa kwa kipimo kimoja. Alitaka umbali kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele usizidi takriban mita 25. Katika mfumo wa 4-4-2, mistari mitatu ilisogea kama kitu kimoja: mbele, nyuma, kulia na kushoto, kwa kufuata mahali ulipo mpira. Mchezaji hakumfuata mtu. Alijiweka kwa kuangalia mambo manne: mpira, nafasi, mpinzani na mwenzake. Mpinzani aliyepokea mpira alijikuta amezungukwa na watu watatu au wanne, kwa kuwa uwanja wote uliobaki ulikuwa umeachwa mtupu kwa makusudi.

Mpango huo ulikuwa na sharti gumu. Safu ya ulinzi ya Mauro Tassotti, Franco Baresi, Alessandro Costacurta na Paolo Maldini ilisimama mbali na goli lake, karibu na mstari wa kati, na nyuma yake kulikuwa na eneo kubwa la wazi. Mtego wa kuotea uliwasaidia, maana hadi mwaka 1990 sheria ilimhesabu kuwa ameotea hata mshambuliaji aliyekuwa sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho. Lakini mtego huo ulifanya kazi pale tu mwenye mpira alipokuwa amebanwa. Akipewa sekunde mbili za kuinua kichwa, pasi moja ndefu ingewapita mabeki wote wanne. Kwa hiyo usalama wa Baresi ulikuwa miguuni mwa Marco van Basten na Ruud Gullit. Beki wa kwanza wa Milan alikuwa mshambuliaji wake.

Hapo ndipo kukaba na kushambulia kulipokuwa kazi moja. Mpira ukinyang'anywa mita 30 kutoka goli la mpinzani, mabeki wake huwa wametawanyika na safari ya kwenda golini ni pasi mbili au tatu. Na kwa sababu Milan walikuwa wamekaribiana wakati wa kukaba, walikuwa tayari wamekaribiana wakati wa kushambulia: Frank Rijkaard na Carlo Ancelotti nyuma ya washambuliaji, Roberto Donadoni upande mmoja, Maldini na Tassotti wakipanda kutoka pembeni.

Nyota hawakukubali kwa amri. Gullit na Van Basten walihoji kwa nini wateseke kwa mazoezi ya kujipanga, na Sacchi akawajibu kwa jaribio. Aliweka golikipa na mabeki wanne upande mmoja, wachezaji kumi upande mwingine, wakiwamo nyota hao. Kumi walipewa robo saa ya kuwafunga watano, kwa sharti kwamba kila wakipoteza mpira waanze upya kutoka nusu yao ya uwanja. Hawakupata bao. Kwangu mimi, jambo kubwa katika kisa hiki ni kwamba wenye hadhi kubwa walionyeshwa sababu kwanza, kisha wakakimbia kwa hiari.

Matokeo yalionekana mapema. Milan ilitwaa ubingwa wa Italia mwaka 1988 ikiwa imefungwa mabao 14 tu katika mechi 30. Tarehe 19 Aprili 1989, katika uwanja wa San Siro, iliikaribisha Real Madrid, timu iliyokuwa katikati ya mfululizo wa mataji matano ya ligi ya Hispania. Milan ilishinda 5-0, na mabao yalifungwa na watu watano tofauti: Ancelotti, Rijkaard, Gullit, Van Basten na Donadoni. Mwezi uliofuata, mjini Barcelona, iliifunga Steaua Bucharest 4-0 katika fainali, na mwaka 1990 ikalitetea kombe kwa kuifunga Benfica 1-0.

Haki inatudai tutaje gharama pia. Katika misimu minne Sacchi alitwaa ubingwa wa ligi mara moja tu. Mfumo wake ulichosha miili na akili. Uhusiano wake na Van Basten uliharibika, naye akaondoka mwaka 1991. Nidhamu ya pamoja haidumu kwa kutangazwa. Hulishwa kila siku kwa ridhaa, na ridhaa ikiisha, umbali kati ya mstari na mstari huanza kurefuka.

Sasa tuje kwenye siasa. Januari 1994 Berlusconi alilitangazia taifa kwamba ameamua kuingia uwanjani. Chama chake alikiita Forza Italia, kelele ya mashabiki wa timu ya taifa. Vikundi vyake vya wafuasi vilifuata mfano wa matawi ya mashabiki wa Milan, na wabunge wake waliitwa kwa jina la rangi ya jezi ya taifa. Ujumbe ulikuwa mwepesi: mtu aliyeishindisha Milan ataishindisha Italia. Tarehe 18 Mei 1994 serikali yake ilipata kura ya imani katika Seneti, na usiku huohuo, mjini Athens, Milan ikaichapa Barcelona 4-0.

Tazama, hata hivyo, ni Milan ipi iliyoshinda usiku ule. Kocha alikuwa Fabio Capello. Baresi na Costacurta walikuwa wakitumikia adhabu. Van Basten alikuwa majeruhi. Rijkaard alikuwa ameondoka, na Gullit alikuwa Sampdoria. Karibu kila jina ambalo shabiki angelitaja kama siri ya mafanikio halikuwapo, na timu ilicheza kana kwamba hakuna aliyekosekana, kwa sababu mazoea ya kusogea pamoja yalikuwa yamekwisha kuwa mali ya timu. Serikali ya Berlusconi nayo ilianguka Desemba mwaka huohuo, mshirika wake Lega Nord alipojitoa. Alichukua kutoka Milan kombe, wimbo na rangi. Zile mita 25 hakuzichukua.

Ndiyo maana nilimwomba mwanafunzi wangu aurudie mfano wake, ila abadilishe maswali. Kabla ya kuuliza kocha ni nani, aulize umbali uliopo kati ya wa mbele na wa nyuma: kati ya waziri anayetoa agizo na mtendaji wa kata atakayelaumiwa likishindikana, kati ya kiongozi wa vuguvugu na kijana anayebandika matangazo usiku. Aulize pia nani huanza kukimbia mpira unapopotea. Katika taasisi nyingi nilizozifahamu, wa mbele hubaki wamesimama mikono kiunoni, na lawama humwangukia beki.

Alinijibu kwamba Sacchi naye alikuwa kocha mkali. Ni kweli. Lakini ukali wake ulianza kwa Van Basten.