Uasilia wa usemi baada ya tiba ya kigugumizi

Uasilia wa usemi ni kiwango ambacho mazungumzo ya mtu husikika ya kawaida masikioni mwa wengine. Kigezo hiki ni cha lazima katika tiba ya kigugumizi, kwani mbinu ya kurefusha sauti huweza kuondoa karibu kukwama kote na bado ikamwacha msemaji akisikika mgeni: irabu zinavutwa, konsonanti zinaguswa kwa ulaini kupita kiasi, kiimbo hakipandi wala hakishuki. Mwaka 1984 Martin, Haroldson na Triden wa Marekani waliwapa wasikilizaji mizani ya alama 9, ambapo 1 ni usemi wa asili kabisa na 9 ni kinyume chake. Katika utafiti huo, watu wenye kigugumizi waliozungumza huku wakirudishiwa sauti yao masikioni kwa kuchelewa hawakukwama, lakini usemi wao haukuhukumiwa kuwa wa asili zaidi kuliko ule wa kukwama.

Wapo wanaodai kuwa sikio si kipimo cha kuaminika. Hata hivyo, wastani wa wasikilizaji kadhaa hutulia vizuri, hata wasipopewa fasili yoyote ya uasilia. Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini mgonjwa alazimike kuwaridhisha wengine? Hakika halazimiki, na wapo wanaochagua kukwama waziwazi. Lakini msikilizaji wa kwanza ni msemaji mwenyewe, na asiyeitambua sauti yake huiacha mbinu. Ndiyo maana programu ya tiba ya kigugumizi ya Camperdown, ya Australia, ilimfundisha mteja kujipa alama za uasilia mwenyewe.