Kifungu cha 66
Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, yakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Miaka ya themanini niliwasomea kifungu hicho wanachuo wa kike, hapa Mwanza. Walicheka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, asiyepigwa atajuaje kuwa anapendwa?" Somo hilo alipewa na mama na shangazi zake, si na wanaume peke yao.

Mwaka 1999 shirika la Kivulini likaanzishwa mjini hapa kupinga ukatili majumbani. Hata hivyo, utafiti wa MAISHA, uliochapishwa 2017, ulihoji wanawake 1,049 wa vikundi vya mikopo Mwanza. Asilimia 61 hivi walikwisha kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na wenzi wao.

Mjukuu wangu hakucheka. Aliuliza, "Babu, anayepiga anafungwa miaka mingapi?" Kifungu hicho hakitaji adhabu.