Siki, Taa na Leseni: Historia ya Mafunzo ya Uchunguzi wa Saratani katika Pwani ya Lindi

Sharti la kisheria linalomtaka daktari wa Tanzania Bara aendelee kusoma baada ya kuhitimu ni changa kuliko uchunguzi wa saratani wenyewe, na katika pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, tofauti hiyo ya miaka inaeleza mengi kuhusu nani alifundishwa na nani alisahauliwa. Uchunguzi wa saratani ni kumpima mtu asiyehisi ugonjwa wowote, ili mabadiliko ya chembe za mwili yagunduliwe na kuondolewa kabla hayajageuka saratani. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayokubali zaidi kazi hiyo, kwa kuwa mabadiliko yake huchukua miaka mingi. Hata hivyo, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalitaja kwa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500.

Kipimo cha kwanza kilichoenea duniani kilitokana na kazi ya George Papanicolaou, aliyechapisha kitabu chake pamoja na Herbert Traut nchini Marekani mwaka 1943. Madaktari waliosomea Dar es Salaam, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963, wangeweza kukifahamu kipimo hicho vitabuni, lakini kukitumia Kilwa lilikuwa jambo jingine, kwani kinahitaji maabara, mtaalamu wa kusoma chembe kwa hadubini, na mgonjwa atakayeweza kurudi kufuata majibu. Aidha, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kwenda Dar es Salaam alivuka mto Rufiji kwa kivuko, na mvua zilipozidi njia ilifungika. Daktari aliyeitwa kwenye semina ya mjini aliiacha hospitali yake bila kujua atarudi lini. Daraja halikumaliza adha hiyo moja kwa moja, maana Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika tena katika eneo la Somanga.

Mageuzi yaliletwa na siki. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Zimbabwe ambamo wauguzi wakunga waliwapima wanawake zaidi ya 10,000 kwa kupaka shingo ya kizazi asidi ya siki na kuitazama kwa macho, na Dar es Salaam ikafuata: kati ya 2002 na 2008 wanawake 10,378 walipimwa kwa njia za namna hiyo chini ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2011 uliifanya njia hiyo kuwa ya kawaida nchini. Mpimaji huingiza spekulamu, yaani kifaa cha kufungulia uke, huwasha taa, hupaka kwa pamba asidi yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, kisha husubiri dakika moja nzima. Doa jeupe, zito, lenye kingo zilizo wazi, lililogusa mpaka ambapo aina mbili za chembe hukutana, ndilo linalotiliwa shaka. Anayeonekana nalo anaweza kupewa siku hiyohiyo tiba mgando, ambayo hugandisha sehemu hiyo kwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa dakika tatu, kuiacha iyeyuke kwa dakika tano, kisha kuigandisha tena kwa tatu.

Njia hii ni rahisi kwa vifaa na ngumu kwa jicho, na Lindi ni mahali pagumu zaidi. Kichocho cha mkojo, ugonjwa wa siku nyingi katika mkoa huo, huweza kushambulia pia viungo vya uzazi vya mwanamke na kuacha kwenye shingo ya kizazi madoa ya njano yenye chembechembe mithili ya mchanga, pamoja na mishipa inayovuja damu ikiguswa. Asiyefundishwa huweza kuyadhania kuwa ni saratani au ugonjwa wa zinaa, akampa mwanamke rufaa isiyohitajika, ilhali anachohitaji ni prazikwanteli, dawa ya kichocho. Shirika la Afya Duniani lilitoa atlasi ndogo ya picha za vidonda hivyo mwaka 2015 tu, kwa hiyo aliyehitimu kabla ya hapo hakuwa nayo darasani.

Mengine mengi yamebadilika tangu wakati huo. Chanjo ya kirusi cha HPV, kinachosababisha karibu saratani zote za shingo ya kizazi, ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Tiba ya joto, isiyohitaji mitungi ya gesi, ilipendekezwa kimataifa mwaka 2019. Na mwaka 2021 kipimo cha vinasaba vya kirusi hicho kikapewa kipaumbele mbele ya siki.

Katikati ya mabadiliko hayo ndipo ilipotungwa Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, iliyoliweka chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika suala la usajili, leseni na mafunzo endelevu ya kitaaluma. (Jina Tanganyika limebaki kwa sababu afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake.) Utaratibu wa namna hii si wa Tanzania peke yake: Kenya humtaka daktari akusanye pointi 50 kwa mwaka, na jimbo la New Mexico huko Marekani liliweka sharti kama hilo mwaka 1971.

Udhaifu wa pointi ni kwamba huhesabu mahudhurio, na hotuba ya ukumbini haimfundishi mtu kutofautisha doa la siki na doa la kichocho. Isitoshe, anayeshika taa kliniki kwa kawaida ni muuguzi, ambaye leseni yake iko chini ya baraza jingine, lile la wauguzi na wakunga. Inafaa mabaraza hayo mawili yakubaliane kuhesabu saa za mazoezi yanayosimamiwa na mkufunzi kwenye chumba cha uchunguzi chenyewe, iwe Hospitali ya Kinyonga huko Kilwa Kivinje au Sokoine mjini Lindi, na kichocho cha viungo vya uzazi kiwe somo la lazima kwa kila mpimaji wa mkoa huo.