Kioo Nacho Huliwa: Historia Fupi ya Nyuzi za Kioo

Haya wapenzi wa teknolojia, leo tuache kompyuta kidogo. Twende Lokiriama, Turkana, karibu na mpaka wa Uganda. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko walifanya amani pale, na silaha zikafukiwa ardhini. Chuma kikifukiwa huliwa na kutu, hata mtoto anajua. Je, kioo?

Wengi wetu tutajibu kwamba kioo hakiozi. Historia inasema vingine.

Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi Marekani miaka ya 1930, na kampuni ya Owens-Corning iliundwa mwaka 1938. Aina iliyoenea zaidi iliitwa E, yaani kioo cha umeme, kwa sababu inazuia umeme vizuri. Uzi mmoja ni mwembamba kuliko unywele. Ukizishika nyuzi hizo kwa gundi ya plastiki unapata faiba ya maboti, matangi na mabomba.

Tatizo la kwanza lilikuwa saruji. Saruji ina ukali wa aina ya magadi, nao huvunja kifungo cha silikoni na oksijeni, ambacho ndicho kinachokishikilia kioo. Huko Uingereza mtafiti A. J. Majumdar akatumia kioo chenye zirkonia, na miaka ya 1970 kampuni ya Pilkington ikaingiza nyuzi hizo sokoni.

Tatizo la pili lilikuwa asidi. Kwenye minara ya umeme, waya mzito huning'inizwa kwa fimbo ya faiba iliyovikwa mpira. Mpira ukipasuka maji huingia, na cheche za umeme huzalisha asidi ya naitriki. Asidi hunyonya kalsiamu na alumini kutoka kwenye uzi. Ngozi ya uzi husinyaa na kupasuka, kisha siku moja fimbo inakatika kama imepigwa msumeno, na waya unaanguka. Dawa iliyopatikana ni kioo kisicho na boroni, kinachostahimili asidi.

Haya si mambo ya Ulaya tu. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo iliyoanza kulisha gridi ya Kenya mwaka 2018. Mapanga yake ni ya faiba, na upepo unaoyazungusha hubeba vumbi linalokwangua rangi inayozilinda nyuzi. Maji ya ziwa lenyewe ni ya magadi.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiuziwa tangi la faiba na kuambiwa ni la milele, uliza kwanza: kioo gani, na litabeba nini?